Nilifuata Maua ya Mama Hadi Uholanzi

Mama yangu alifanya kazi ya gredi kwa miaka 17 katika shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha. Kama hujawahi kuingia chumba cha gredi, kazi yenyewe ni hivi: waridi linaletwa kutoka grinihausi likiwa limefumba, unalilaza kwenye ubao wenye alama ulipime urefu, unatazama kichwa, unatazama majani, unaamua kama ni la sentimita 40, 50 au 60, unafunga shada, unalisukuma mbele, unachukua jingine. Umesimama tangu asubuhi, miguu ndani ya gambuti na vidole vimekufa ganzi. Jioni alikuwa akirudi nyumbani, na ukimuuliza maua yale yanakwenda wapi, jibu lilikuwa moja: "Yanaenda Holland."

Alilitaja jina hilo kama watu wanavyotaja ahera, mahali ambako vyote huenda na hakuna aliyerudi kusimulia. Sisi watoto tulidhani Holland ni chumba kingine cha baridi, kikubwa zaidi, kilicho mahali fulani nyuma ya uwanja wa ndege.

Wa kwanza kufika huko katika familia yetu ni mdogo wangu. Ni muuguzi, anaishi Utrecht, sasa ni mwaka wa saba. Nilipomtembelea mara ya kwanza alinikatia tiketi ya basi la watalii, lile la watu 50 na spika inayokoroma. Siku hiyo niliona vinu vya upepo kwa dakika 25, nikalipa senti 70 kuingia chooni, nikaonja jibini lililochomekwa vijiti vya meno, na kwa sehemu kubwa ya siku nikatazama visogo vya wenzangu. Nilipouliza mashamba ya maua yako wapi, nilielekezwa dukani, penye rafu ya sumaku za friji zenye umbo la tulipu.

Mwaka huu nimetimiza miaka 40. Mdogo wangu akanipigia simu: "Dada, safari hii tunachukua mtu wetu wenyewe. Mtu na gari lake, siku nzima. Wewe mwambie unataka kuona nini, yeye apange."

Nikauliza bei. Aliponitajia euro 600 na kitu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nazigeuza kuwa shilingi kichwani, na zilipogeuka nikaona aibu. Akaniambia ni zawadi, na zawadi haigeuzwi. (Kwa anayetaka kujua kwa ajili yake mwenyewe: bei ni ya gari zima, kwa hiyo mkiwa wanne au watano hesabu inaanza kukaribia ile ya basi. Mkiwa wawili, kama sisi, mnalipia viti vitupu.)

Mwongozaji wetu ni mzee aliyefundisha jiografia shuleni kabla ya kustaafu. Nitamwita Mwalimu, na ndivyo tulivyomwita siku nzima baada ya mdogo wangu kumfundisha neno hilo. Nilimwandikia baruapepe yenye orodha ya mahali tisa: Amsterdam, Delft, Gouda, Rotterdam, vinu, tulipu, bahari, na mengine niliyoyaokota kwenye video za watu. Alijibu kwa mistari mitatu. Orodha yangu, alisema, ni nzuri sana kwa siku nne. Kisha akauliza: ni kitu gani ambacho usipokiona utapanda ndege ukiwa na hasira?

Nilikaa na swali hilo usiku mzima. Asubuhi nikamwandikia kuhusu mama.

Alikaa siku mbili kimya, halafu akatuma ratiba mpya. Amsterdam ilikuwa imeondolewa. Delft imeondolewa. Badala yake tungechukuliwa mlangoni Utrecht saa 12 asubuhi, siku ya Jumanne, kwa sababu mnada wa maua huanza alfajiri na anayefika saa nne hukuta watu wakifagia. Alhamisi alikataa kabisa, kwani siku hiyo mnada hufunga mapema zaidi kwa wageni. Mdogo wangu alilalamika: "Mtu anatoka Kenya anakuja Uholanzi haoni Amsterdam?" Nikamwambia Amsterdam ina treni kila baada ya dakika chache na haihitaji mzee wa jiografia.

Saa moja kasoro tulikuwa Aalsmeer.

Jengo la mnada huo ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani kwa eneo. Wageni hutembea juu, kwenye ujia mrefu ulioning'inia, na chini yako inaonekana kama sakafu yote inatembea. Ni vitoroli. Maelfu ya vitoroli vyenye ndoo za maua, vimeungwa kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa, vikivutwa na vijigari vya umeme, na madereva wake wamesimama wima wakikata kona kwa ujasiri wa boda boda wa Naivasha mjini siku ya soko. Mbona hawagongani? Nilisubiri wagongane. Hawakugongana.

Harufu haikuwapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa manukato, nikakuta baridi, na baridi ile niliitambua mara moja, kwa sababu ilikuwa ikiingia nyumbani kwetu kila jioni kwenye vidole vya mama.

Kuhusu mnada wenyewe, sahau unavyoujua. Kwetu dalali huanza chini na watu wakapandisha, iwe ni ng'ombe au gari bovu la serikali. Hapa bei huanza juu na kuporomoka. Kuna duara kama uso wa saa, na nukta ya mwanga inaanzia kwenye bei ambayo hakuna mwenye akili timamu angeilipa, kisha inateremka kwa kasi, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Hakuna anayekuongezea dau, hakuna kelele. Ukibonyeza mapema umelipa zaidi ya ulivyopaswa, ukisita kidogo tu maua ni ya mwingine. Kila mauzo huchukua sekunde chache. Zamani wanunuzi walijaa kwenye viti vilivyopangwa ngazi kwa ngazi kama ukumbi wa chuo. Siku hizi wengi hubonyeza kwenye kompyuta wakiwa ofisini kwao.

Mwalimu alisema mtindo huu ulianza na koliflawa. Mwaka 1887, katika kijiji cha Broek op Langedijk, ambako wakulima walileta mazao mnadani kwa mashua, ndipo walipoanza kuuza kwa bei ya kushuka. Wakulima wa maua wa Aalsmeer walianzisha minada miwili katika miaka ya 1911 na 1912, wakashindana kwa zaidi ya nusu karne, wakaungana mwaka 1968, na jengo hili likafunguliwa 1972. Ni ushirika. Wenye mnada ni wakulima wenyewe, na mashamba ya kwetu nayo yamo miongoni mwa wanaouza hapa. Kenya ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya mawaridi yanayopita Uholanzi. Hilo nililijua kutoka magazetini, ila kulijua hivyo hakukunisaidia kitu nilipoona maboksi.

Yalikuwa chini kabisa ya ujia, upande wa kushoto. Maboksi marefu ya kadibodi, yamechapwa neno KENYA. Kijana mmoja alikuwa akiyafungua kwa kisu, anatoa mashada yaliyolala makavu kama watoto waliosafiri usiku kucha kwenye basi, anayasimamisha kwenye ndoo za maji. Alifanya hivyo bila kuyatazama. Mama naye hakuyatazama, nadhani, baada ya mwaka wa kwanza. Nilitafuta jina la shamba lake kwenye maboksi, nikainama juu ya reli mpaka mdogo wangu akanishika koti. Sikuliona. Mashamba ni mengi na mama amestaafu miaka sita iliyopita, sasa nilikuwa natafuta nini hasa?

Kilichonishika ni kwamba yote yalikuwa bado yamefumba. Mawaridi yamekatwa Naivasha, yamepita chumba cha baridi, lori hadi Nairobi, ndege ya mizigo ya usiku hadi Schiphol, na bado yamefumba kama ngumi. Ndivyo inavyotakiwa. Waridi lililofunguka ni hasara, gredi hulitupa. Kwa miaka 17 mama alishika mawaridi kila siku ya kazi, na waridi lililochanua vizuri alilijua tu kama takataka.

Mwalimu alinieleza kwamba maua mengi kutoka Kenya siku hizi hayapiti kabisa kwenye saa ile. Yanauzwa kwa mkataba moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Ulaya, na mengine yameanza kupakiwa kwenye makontena baridi Mombasa na kuja kwa meli, safari ya karibu mwezi. Nilisikia nusu. Nilikuwa nasoma bei ya shina moja kwenye skrini na kuilinganisha na bahasha ya mshahara aliyokuwa akiweka chini ya kikopo cha chai. Bei hiyo sikumtajia mama, na hapa pia siitaji.

Tulipotoka nje nilitaka kukaa kimya garini. Hapo ndipo unajua faida ya kutokuwa na spika. Mwalimu aliendesha tu.

Baada ya dakika kama kumi akasimamisha gari kando ya tuta lenye nyasi na kusema, "Tazama juu." Kwenye tuta, juu ya vichwa vyetu, mashua ilikuwa inapita. Ilikwenda taratibu, mwenye mashua ameketi na kikombe chake, na tumbo la mashua likiwa juu kuliko paa la gari letu.

Mfereji ule unazunguka eneo liitwalo Haarlemmermeer kwa karibu kilomita 60, na ndani ya duara hilo zamani kulikuwa ziwa. Ziwa lenye tabia mbaya. Kila tufani ilipovuma lilikula ukingo, mwaka hadi mwaka, hata watu wakaliita mbwamwitu wa maji. Mwaka 1836 tufani mbili zilisukuma maji yake hadi milango ya Amsterdam upande mmoja na Leiden upande mwingine, na serikali ikachoka. Wakachimba mfereji kulizunguka, wakajenga vituo vitatu vikubwa vya pampu za mvuke, na kati ya 1849 na 1852 wakalinyonya ziwa likaisha. Uwanja wa ndege wa Schiphol umekaa kwenye sakafu ya ziwa hilo, zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maua ya Ziwa Naivasha hushuka kwenye ziwa jingine, lililokauka.

Nikamwambia Mwalimu kuhusu Kihoto.

Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipanda. Mama alikuwa amepanga vyumba viwili katika mtaa wa Kihoto, na siku moja maji yakaingia kwa adabu, sentimita moja, halafu kesho yake tatu, halafu magotini. Viboko walionekana mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza mpira. Tulimhamisha kwa mkokoteni hadi Karagita, magodoro juu, jiko juu ya magodoro, mama mwenyewe nyuma akibeba saa ya ukutani. Nyumba nyingi zilibaki ndani ya maji kama meno ya mzee.

"Na nani aliwajibika?" Mwalimu akauliza.

Nikasema Mungu, mvua, kaunti, waliojenga karibu mno, waliowauzia viwanja. Kila mtu alikuwa na jibu lake.

Akacheka kidogo, si kwa dharau. Hapa, akasema, kuna bodi za maji. Ziko 21, watu huzipigia kura, na baadhi yake mizizi yake inarudi hadi karne ya 13, kabla nchi yenyewe haijakuwa nchi. Zina kodi yake peke yake. Mdogo wangu akadakia kutoka kiti cha nyuma: "Mimi huipokea kila mwaka hiyo bili. Hulipa na kununa. Sikuwahi kujua ni ya nini." Miaka saba!

Njia ya kwenda Leiden inapita karibu na Lisse, na ilikuwa wiki ya mwisho ya Aprili, kwa hiyo tulipata tulipu bila kuziomba. Sina maneno mapya kwa mashamba hayo. Ni mistari ya rangi, nyekundu, njano, zambarau, imenyooka kama kanga mpya iliyotandazwa kitandani. Bustani maarufu ya Keukenhof iko hapo hapo na magari yalikuwa yamepanga foleni barabarani. Mwalimu alituuliza mara moja tu kama tunataka, tukasema hapana, akaonekana kufurahi. Akatupeleka nyuma, kwenye kijia cha mkulima, akazima gari.

Mashine ilikuwa inapita shambani ikikata vichwa vya tulipu.

Nilidhani ni ajali. Maua yamechanua, mazuri, mazima, na mashine inayakata shingo moja baada ya jingine, vichwa vinaanguka kati ya mistari. Nikashika mlango wa gari. Mwalimu akaeleza, kwa utulivu wa mtu aliyelieleza jambo hilo mara mia, kwamba mkulima wa hapa hauzi ua. Anauza kitunguu chake, kile cha ardhini. Ua likiachwa linakula nguvu ya kitunguu, kwa hiyo mkulima husubiri lichanue, akakagua kama lina ugonjwa na kama rangi ni ile aliyoipanda, kisha anakata. Udongo wa ukanda huu ni mchanga mwepesi nyuma ya vilima vya pwani, na vitunguu huupenda.

Mdogo wangu alishuka akaokota vichwa vitatu, akavishika mkononi kama mayai. Nikamwambia mama angepata kichaa. Kisha nikafikiri tena. Mama angeelewa haraka kuliko sisi: lililochanua limemaliza kazi.

Leiden tulikaa saa mbili, na hapo nilimgeuka mwongozaji nikawa mimi ndiye mwongozaji.

Yeye alikuwa ameandaa mambo yake. Chuo kikuu cha 1575, zawadi kwa mji uliostahimili kuzingirwa na Wahispania hadi Oktoba 3, 1574, siku ambayo watu wa Leiden mpaka leo hula samaki wa heringi na mkate mweupe. Rembrandt, yule mchoraji, aliyezaliwa hapa 1606. Bustani ya mimea ya chuo, iliyoanzishwa 1590, ambako mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alipanda tulipu zilizotoka upande wa Uturuki, miongo michache kabla Waholanzi hawajaanza kupagawa nazo. Kufikia Februari 1637, vitunguu vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei za kichaa vikakosa wanunuzi ghafla. Yote mazuri. Nilisikiliza nikiwa nimekaa ukingoni mwa mfereji, nikila kipande changu cha samaki.

Halafu nikamuuliza: kiwanda cha kanga kilikuwa wapi?

Hakulijua neno hilo. Nikafungua mkoba nikatoa leso niliyokuwa nimejitandia mabegani kwenye ndege, nikaikunjua kwenye benchi, nikamwonyesha pindo, mji na jina. Nikamsimulia. Mwishoni mwa karne ya 19, kanga zilipokuwa zimeshika moto Zanzibar na pwani yote, wafanyabiashara wa huko waliagiza vitambaa vilivyochapwa Ulaya, na miongoni mwa wachapaji walikuwa Waholanzi: kampuni ya Van Vlissingen ya Helmond, na kampuni ya pamba ya Leiden, mji huu huu, iliyokuwa imehamia hapa kutoka Lier, Ubelgiji, mwaka 1835 na kudumu hadi miaka ya 1930. Maneno ya kanga wakati huo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hebu fikiria fundi wa Leiden, Mkristo wa mifereji, amevaa viatu vya mbao, anachapa kwa uangalifu mkubwa fumbo la mwanamke wa Ng'ambo, Zanzibar, anayemchokoza mke mwenzake, na hajui hata herufi moja.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatoa daftari akaandika neno: kanga. Akauliza yangu inasema nini. Ilikuwa imeandikwa *Wema hauozi*. Kumfafanulia wema kwa nini uoze kulichukua muda kuliko kula samaki.

Delft niliyoipoteza iliniuma kidogo hapo tu, tulipopita kibao chake barabarani. Tuliiona kwa mbali, minara yake miwili, mmoja umeegemea. Basi.

Kituo kilichofuata hakikuwa kwenye orodha yangu wala ya mtu yeyote. Karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, kando ya barabara kuu iendayo Gouda, kuna mnara mdogo unaoonyesha mahali pa chini kabisa nchini: mita 6.76 chini ya usawa wa bahari. Ni mahali pabaya kwa picha. Malori yanapita, upepo unapuliza, na mbele yako ni mfereji na ng'ombe. Ila mimi nimezaliwa karibu mita 1,900 juu ya bahari. Nilisimama pale nikajaribu kuhisi tofauti, nikapandisha macho kutafuta ule usawa wa maji ulipo, juu ya kichwa changu, juu ya paa la gari, na tumbo likanicheza.

Kilomita chache kutoka hapo tulipanda tuta la mto Hollandsche IJssel. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, tufani na maji ya bahari vilivunja matuta kusini-magharibi mwa nchi. Watu 1,836 walikufa Uholanzi. Tuta hili lilianza kupasuka pia, na nyuma yake kulikuwa na bonde lote hili la chini lililojaa watu. Meya akaamuru nahodha mmoja, Arie Evegroen, aichukue mashua yake ya mizigo na kuiingiza kwenye shimo. Mashua iliitwa *de Twee Gebroeders*, Ndugu Wawili. Akaiendesha katika giza, akailaza ubavu kwenye ufa kama mtu anayeziba mlango kwa mgongo wake, na ikashika. Leo kuna sanamu ya mtu na mashua yake pale juu. Mwalimu alikuwa mtoto mdogo usiku ule, akiishi upande wa ndani wa tuta. Alitwambia hilo mwishoni, tukiwa tunarudi garini, kwa sentensi moja, na hakuongeza kitu.

Kinderdijk tulifika kwa kivuko kidogo kutoka Krimpen aan de Lek, dakika chache juu ya maji, gari letu na baiskeli sita. Vinu 19, vingi vyake vilijengwa kati ya 1738 na 1740, na tangu 1997 viko kwenye orodha ya UNESCO. Nilikuwa nimeviona vinu hivi kwenye kalenda zote za duniani, hivyo nilikuja nikiwa nimeshavichoka. Kumbe nilikuwa sijui vinafanya nini. Kwangu kinu ni cha kusaga. Hivi havisagi chochote. Ni pampu. Kila kimoja kina gurudumu linalochota maji kutoka mfereji wa chini na kuyatupa kwenye wa juu, na kutoka wa juu yanangoja mto Lek ushuke ndipo yafunguliwe. Safu nzima ya vinu, mchana na usiku, upepo ukiwepo, ikiondoa mvua ya jana. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na skrubu kubwa za injini pembeni pale, zinazozunguka na kupandisha maji bila haraka, lakini wakati wa vita vya pili, mafuta yalipoadimika, vinu vilirudishwa kazini.

Ndani ya kile kilicho wazi kwa wageni tuliona vitanda vya kabatini, vifupi, kwa kuwa watu walilala nusu wameketi. Familia ziliishi humo, na vinu vingine bado vina wenyewe, nguo zimeanikwa nje. Mwalimu alitufundisha kusoma mabawa. Kinu kikipumzishwa bawa la juu likiwa bado kidogo kufika kileleni, kuna furaha nyumbani, labda mtoto au harusi. Likisimamishwa baada tu ya kupita kilele, wana msiba. Hapakuwa na simu, na majirani walikuwa mbali, hivyo habari iliandikwa angani. Mdogo wangu akataka picha ya kila kinu. Mimi niliketi kwenye nyasi nikihesabu vyenye furaha.

Mvua ilianza. Gouda tulipita kwa dakika 20, tukanunua stroopwafel za moto, zile kaki mbili zenye asali ya karameli katikati, ambazo zilizaliwa mji huo. Uwanja wa jibini ulikuwa mtupu, kwa sababu soko lake ni Alhamisi. Huwezi kuwa na Alhamisi na Jumanne kwa pamoja. Mwalimu aliomba radhi, na nikamwambia aache.

Saa kumi na mbili jioni alitushusha mlangoni Utrecht. Alikataa bahasha mara mbili, ya tatu akapokea. Alichoomba ni kuandikiwa yale maneno ya kanga.

Mdogo wangu alikuwa na mawaridi mezani, ya siku tano hivi, kutoka duka la mtaani kwake. Yalikuwa wazi kabisa, mapana kama sahani za chai, majani ya pembeni yameanza kulegea. Nikaweka simu mbele yake nikampigia mama kwa video. Ilikuwa usiku kwake; alikuwa kitandani, kitambaa kichwani, saa ya ukutani ya Kihoto juu yake.

"Mama, nimefika Holland. Nimeyaona."

Hakujibu mara moja. Alisogeza simu karibu na jicho, akayatazama yale ya mezani, akakunja uso kama mtu anayeona kazi mbaya.

"Hayo yameisha. Yale ya mnadani yalikuwaje? Yamefunguka?"

"Bado, mama. Yalikuwa yamefumba yote."

"Urefu?"

"Sikuweza kupima. Naona kama sitini."

"Na majani ya chini walikuwa wameyatoa?"

Nikafumba macho nikajaribu kukumbuka mikono ya yule kijana, kisu, ndoo, mashina yanayoingia majini.

"Walikuwa wameyatoa."

"Haya," mama akasema, akarudisha kichwa kwenye mto. "Basi walikata vizuri."